Kyubu tulizozivunja kwa kalkuleta

Mie nasoma uhandisi wa majengo hapa Unguja na kuna jambo darasani kwetu kila mtu analijua ila halisemwi. Tunapika data za lebu.

Mwaka jana grupu letu tulimwaga kyubu za zege, yaani vibonge vya kupimia nguvu ya zege, zile za milimita 150 kila upande, unazilaza kwenye maji halafu nyengine unazivunja kwa mashine siku ya 7 na nyengine siku ya 28. Siku ya 7 tukavunja vizuri. Ya 28 ikaangukia Idi, sie tushapanda boti kwenda Pemba, kurudi ripoti inatakiwa kesho yake, mmoja akasema zege la siku ya 7 huwa lina kama asilimia 65 ya nguvu yake ya siku ya 28 kwa hivo chukua namba yetu gawa kwa 0.65, chezea desimali kidogo zifanane na za mashine. Tukaandika. Kyubu zenyewe zimo tangini.

Tukapata maksi nyingi kuliko wote. Grupu jengine walibaki mjini sikukuu nzima, wakamuomba mzee wa lebu awafungulie, wakavunja kweli, namba ikaja ndogo kwa sababu zege hawakulishindilia vizuri, wakaandika hivo hivo ilivyo. Wakapewa maksi za chini. Hili linaniuma mpaka leo.

Si uvivu, ni GPA, ule wastani wa maksi. Mtu anaogopa supu, yaani kurudia mtihani, anaogopa kudisko, yaani kufukuzwa chuo, na kazi zenyewe chache. Past pepa, mitihani ya miaka ya nyuma, zinafichwa kama dhahabu, halafu usiku wa asaimenti watu haohao wanadesa, yaani wananakili, kwa mtu mmoja mpaka alama ya kutoa aliyoisahau yeye wameisahau wote.

Mie mtu wa Pemba. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikija kwetu, imepakia watu kupita uwezo wake. Nlikuwa mdogo, vilio vya mtaani navikumbuka. Sasa na mie nshaandika namba ya uongo kuhusu kitu kinachobeba watu, na kesho ntatakiwa nisimame saiti nimkatalie fundi mchanga wa pwani wenye chumvi inayokula nondo. Ntamkatalia kwa mdomo gani?

Walimu wetu, grupu likileta namba mbaya likaeleza kwanini imekuwa mbaya, lipeni maksi zake kamili. Na past pepa ziwekwe laibrari wote tuzione.

Wiki hii nakwenda kumwambia mwalimu kuhusu zile kyubu. Wenzangu nshawaambia, wawili wamekubali, mmoja hajanijibu.