Fildi ya wanafunzi wa sheria na siasa: masjala au chumba cha mahakama?

Vyuo vinapofunga katikati ya mwaka, wanafunzi wa sheria, sayansi ya siasa na utawala hushika barua zao na kuanza kubisha hodi: mahakamani, ofisi za mashtaka, TAKUKURU (taasisi ya kupambana na rushwa), halmashauri. Ni msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Baada ya wiki nane hivi watarudi na ripoti na kitabu kilichojaa mihuri, na ubishi utaanza upya: wamejifunza nini?

Wanaoiponda fildi, hata kutaka ifutwe, wana hoja. Mwanafunzi anawekwa masjala, anashona majalada, anatoa fotokopi, mwisho anagongewa mhuri. Mimi mwenyewe wiki tatu za kwanza nilipanga majalada kwa namba bila kufungua hata moja.

Wakuu wa ofisi nao wana lao, na ni zito. Ndani ya jalada la upelelezi mna jina la mtoto aliyebakwa, mna namba ya simu ya shahidi anayehofia maisha yake. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Ujumbe mmoja wa mwanafunzi kwenye kundi la WhatsApp unatosha kumhukumu mtu mtaani kwao. Afisa anayemnyima mwanafunzi jalada la namna hiyo simlaumu hata kidogo.

Ila hoja ya siri inaishia mlangoni mwa chumba cha mahakama. Kesi nyingi husikilizwa hadharani, na humo ndimo nilimojifunza. Wiki ya nne nilikaa benchi la nyuma, ikaitwa kesi ya mauaji. Mshtakiwa, kijana wa kandambili za bluu, akaambiwa asijibu kitu kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka. Mwendesha mashtaka akasimama: upelelezi haujakamilika. Ikapangwa tarehe nyingine. Hata dakika mbili hazikufika.

Nje, mama mmoja aliiona tai yangu, akanishika mkono. "Mwanangu, wamesemaje?"

Kifungu cha sheria nilikijua. Namna ya kumwambia kwamba kijana wake anarudi mahabusu, hana dhamana, na kesi yenyewe itakuja kusikilizwa Mahakama Kuu, sikuijua. Nikababaika. Usiku ule nilisoma utaratibu wa kesi za mauaji kuliko nilivyousoma muhula mzima.

Kwa hiyo nakataa wazo la kuifuta fildi. Chuo na ofisi wakubaliane mapema mwanafunzi atakaa wapi. Wa sheria aanzie Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri huendeshwa kwa Kiswahili na wananchi wengi hujisemea wenyewe. Wa siasa akae kwenye baraza la madiwani, linalokutana kila robo mwaka, achukue hoja moja ya barabara au zahanati na kuifuata hadi kwenye kata husika.

Linaloniuma zaidi ni nauli na mahali pa kulala. Ikulu ya Marekani yenyewe ilianza kuwalipa vijana wake wa mafunzo mwaka 2022 tu. Kabla ya hapo nafasi zilikuwa za wale ambao familia zao zingeweza kuwalipia kodi ya nyumba Washington. Kwetu, Bodi ya Mikopo hutoa fedha za mafunzo kwa vitendo, lakini si kila mwanafunzi ana mkopo. Mwenzangu darasani alipata nafasi Dodoma, nafasi aliyoihangaikia tangu Februari. Aliiacha, kwa sababu kule hakuwa na ndugu wa kufikia.