Eti Panua Biashara

Tanga huwezi kukaanga vitumbua kwa amani. Chuma hakijashika moto, mshauri keshaegesha baiskeli: "Mama, panua biashara! Fungua tawi Barabara ya 12, jingine Makorora. Utazeeka na chuma kimoja na kilo 3 za mchele? Piga kilo 10!"

Haya, tupanue.

Chuma cha kawaida kina tundu 7. Mkupuo mmoja, kuanzia kutia mafuta, kugeuza hadi kuopoa, ni kama dakika 5 kwa moto wa wastani. Moto mkali unakupa kitu cheusi nje, uji ndani. Kilo 3 za mchele zinatoa vitumbua 120 na ushei. Ukianza saa 12 asubuhi, saa 1 na nusu umefunika jiko, watu bado wana chai mkononi. Sasa lete kilo 10 za mshauri. Mikupuo 60! Kitumbua cha mwisho kinatoka saa 5 asubuhi, watu wanaulizia wali na samaki. Utamuuzia nani? Mshauri mwenyewe hali.

Na unga haumngojei mtu. Mchele umelala majini usiku kucha, umesagwa saa 10 alfajiri na tui, sukari na iliki, ukatiwa hamira kijiko kimoja cha chai kwa kilo. Saa 12 umeumuka vizuri. Kwa joto hili la pwani, saa 5 unachachuka kama togwa, na sukari ukiongeza haifichi kitu, inaunguza tu.

"Basi nunua chuma cha pili." Aa! Chuma cha pili kinataka jiko la pili, mkaa wa pili na mikono ya pili. Ukigeuza huku, kule kunaungua. Ukiajiri, naye ana kipimo chake: akizidisha maji, kitumbua kinakunywa mafuta yote, akikaza unga, katikati kinabaki kibichi. Lawama wanakuletea wewe.

Hapo sijagusa nazi. Kilo moja, nazi mbili. Kilo 10, nazi 20, na mbuzi ya kukunia haina huruma na kiuno. Ndipo tui linapoanza kuongezwa maji kimyakimya, kitumbua kinakuwa kikavu, kinang'ang'ania chumani, unakitoa vipande vipande. Wateja wa Ngamiani hawasemi kitu. Wanahamia kwa jirani tu.

Mtaji? Mshauri anao jawabu: kausha damu. Mkopo unaotaka rejesho hata siku ya masika, barabara imejaa maji na beseni limejaa vitumbua. Kilo 3 hazina rejesho. Zikiisha, unaosha chuma, unalipia mchele wa kesho, unakwenda zako kulala.

Mshauri ametikisa kichwa, eti sina maono. Kisha kajifungia vinne kwenye gazeti, kapanda baiskeli: "Mama, niandike, nitapita jioni."