Jina la chuo halikusindikizi usiku
Mwandishi wa makala ya kuchagua chuo kikuu anasema mwombaji aangalie kwanza sifa ya chuo, mtaa atauzoea akishafika. Kwenye sifa sina ugomvi: mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) unakuonyesha vigezo vya kuingilia, idadi ya nafasi na miaka ya kozi. Utalala wapi, hauonyeshi. Mimi nilisoma hapa hapa Mwanza, hosteli ya chuo nikaikosa, nikapanga chumba mlimani kwenye mawe, bodaboda haifiki. Kipindi cha mwisho kikiisha saa moja usiku, nilikuwa napanda kwa miguu, njia haina taa hata moja. Muhula wa pili wezi wakachana wavu wa dirisha, wakavuta laptopu kwa mti, na rasimu ya utafiti wangu ikaenda nayo (walimu walikuwa wazuri kweli, hilo sifichi). Mdogo wangu alipotaka kuomba, tulizunguka kwanza mtaani jioni, tukaongea na mama ntilie na vijana wa kijiwe cha bodaboda. Walitutajia hadi nyumba zenye geti na mlinzi. Wenye watoto wanaoanza mwaka huu, nauli ya kurudi usiku mmeipigia hesabu?