Dini katika sensa: kuuliza au kunyamaza

Karani wa sensa nchini Tanzania huuliza mengi: nyumba imeezekwa kwa bati au kwa nyasi, maji yanatoka bombani au kisimani, choo ni cha aina gani. Dini haulizi. Swali hilo liliulizwa mara ya mwisho mwaka 1967, na sensa zote zilizofuata, hadi ile ya 2022 iliyohesabu watu 61,741,120, zimeliruka.

Wanaotetea ukimya huo wana hoja nzito. Ibara ya 19 ya Katiba inauweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Serikali ikishatangaza kuwa dini fulani ina wafuasi wengi zaidi, nani atazuia takwimu hiyo isigeuzwe dai la mgawo wa uwaziri na ukuu wa wilaya?

Chimbuko la hoja ya upande wa pili, wa wanaotaka swali lirudishwe, ni la zamani zaidi. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa za misheni, hivyo Uhuru uliwakuta Waislamu wengi wakiwa nyuma kielimu, na ingawa Sheria ya Elimu ya 1969 ilifungua njia ya kutaifisha shule hizo ili watoto wa dini zote wasome, wapo wanaoamini kuwa pengo halijazibwa, nayo makubaliano ya 1992 kati ya serikali na makanisa kuhusu elimu na afya yakazidisha manung'uniko. Ndiyo maana mwaka 2012 baadhi ya vikundi viliwahimiza waumini wasusie sensa, ingawa sioni vipi anayelalamika kutotambuliwa anasaidiwa na kukataa kuhesabiwa.

Kenya huuliza dini na kuchapisha matokeo, na kinachotikisa siasa zake ni hesabu za makabila. Lakini mfano huo haututoshi: kule Wakristo ni zaidi ya asilimia 80 kwa mujibu wa sensa na hakuna anayebishia kuwa ndio wengi, ilhali Tanzania kila upande una takwimu zake, na ukimya wa serikali haujazinyamazisha.

Kwa maoni yangu, malalamiko ya elimu yanapimika bila kumuuliza mtu anasali wapi: zihesabiwe shule, maabara na walimu wa sayansi wa Lindi, Mtwara na Pwani, mikoa yenye Waislamu wengi, zilinganishwe na za Kilimanjaro, wenye Wakristo wengi. Suala la vyeo halipati jibu kwa njia hiyo, na hapo wanaotaka swali lirudishwe bado wanastahili kusikilizwa.