Gazeti la Kijamaa Lililolishwa na Wasomaji Kansas, na Sisi wa Kusubiri PDF

Jamaa mmoja tunabeba naye boksi hapa Wichita, jimbo la Kansas, Marekani, kaniambia eti ujamaa ni ugonjwa wa kwenu Afrika, sisi Kansas hatujawahi kuugua. Mi nikacheka mpaka akanuna. Masaa mawili na kitu kwa gari kutoka hapa kuna kamji kanaitwa Girard, na huko ndiko lilikuwa linachapwa Appeal to Reason, gazeti la kijamaa la kila wiki ambalo kufikia 1913 lilikuwa linatoka nakala zaidi ya laki 7. Laki saba, kwenye kamji ka mashambani!

Sasa yeye kutojua ya kwao ni juu yake. Mimi kinachoniuma ni jinsi lile gazeti lilivyokula. Julius Wayland alilianzisha 1895 Kansas City, likahamia Girard 1897, na wasomaji ndo waliolibeba, senti 50 za dola kwa mwaka, wakulima, wachimba makaa, watu wa reli, na wengine wanazunguka kwa kujitolea kuandikisha wasomaji wapya, wakaitwa Jeshi la Appeal. Eugene Debs, kiongozi wa wajamaa wa Marekani, aliandika humo. Mwandishi Upton Sinclair walimlipa dola 500 kwa riwaya ya machinjio ya Chicago, ikatoka kipande kipande 1905, uchafu wa machinjio ukaanikwa, mwaka uliofuata Marekani ikapitisha sheria ya kukagua nyama. Hela ya makabwela hiyo, hakuna cha waziri wala katibu mwenezi.

Sisi Tanzania je? Nchi nzima ya ujamaa, mtoto wa darasa la nne anakuimbia ubepari ni unyama na hajawahi kumwona bepari hata mmoja (na hilo najivunia, msinielewe vibaya), lakini gazeti lilishuka kutoka juu. Gazeti la Uhuru ni la chama, Standard la Kiingereza likataifishwa na serikali Februari 1970, usome usisome kesho litatoka tu. Tukazoea. Leo mtu anasimama kwenye meza ya magazeti, anamaliza vichwa vya habari vyote, anaondoka, PDF anaisubiri kwenye grupu la WhatsApp, halafu jioni yeye huyo huyo analalamika waandishi wanakula bahasha. Kwani nani mwingine anawalisha?

Najua mtaanza, huyu kavuka maji juzi tu anatufundisha. Jamani, kubeba boksi kunampa nani kiburi? Mwingine atasema mbona na Marekani walifungia magazeti. Walifungia sana! 1917 ilipopita sheria ya ujasusi, bosi wa posta Albert Burleson akayabana magazeti ya kijamaa yasisafirishwe, jarida la The Masses likafa, gazeti la Milwaukee Leader la mwanasiasa mjamaa Victor Berger likanyang'anywa bei nafuu ya posta na 1921 Mahakama ya Juu ya Marekani ikabariki. Appeal lenyewe likanywea, Desemba 1917 likageuka kuunga mkono Vita ya Kwanza ya Dunia, wasomaji wengi wakalisusa, 1922 ndo ikawa mwisho. Kwa hiyo kwenye kufungia hawatuzidi kitu, sibishani hapo.

Nasemea zile senti 50. Na msiniambie hali ngumu, mchimba makaa wa mwaka 1905 alikuwa na hali gani nzuri? Bando mnanunua kila siku, na mengine yanaishia kwenye mikeka ya kubeti.