Shuka la viraka kwenye sanduku la bibi

Jamani nimemaliza riwaya ya pili sasa ya hizi za kihistoria za Kimarekani zinazohusu ushonaji wa blanketi za viraka, zote nimezisomea kwenye simu usiku watu wakishalala, na kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima nikaona bora niliandike. Kwa ambaye hajakutana nazo, mara nyingi zinaenda hivi: mjukuu anarithi blanketi la bibi yake, limeshonwa kwa vipande vya nguo kuukuu, anaanza kulichunguza kipande kimoja kimoja, kumbe humo mna siri za ukoo, mtoto aliyefichwa, babu aliyeuzwa, mke wa kwanza ambaye hatajwi, na mpaka kitabu kinaisha blanketi limeshasema kila kitu. Zinanoga sana, mi nalia kabisa. Ila hapo kwenye blanketi kusema ndo siwezi kukubali.

Siwezi kwasababu kwetu shuka la namna hiyo lipo na halijawahi kusema neno.

Bibi mzaa mama alikuwa mtu wa Mikindani, huku Mtwara, na ndani ya sanduku lake la bati, chini kabisa, chini ya doti za khanga alizozitunza hajavaa hata mara moja, kulikuwa na shuka la viraka alilolishona mama yake. Katikati kipande kikubwa cha kaniki, ile nguo nyeusi ya pamba, kilichopauka, kuzunguka vipande vya khanga za zamani ambazo maandishi yake yamekatwakatwa husomi hata neno moja zima, na lote limeshonwa kwa mkono. Tulikuwa tunafunikwa nalo mtu akishikwa na homa tu. Ukimuuliza bibi hii nguo ya nani anajibu "ya mama, lala."

Nimekuja kuelewa ukubwani kwanini ile kaniki. Zamani pwani yetu hii nguo ilikuwa inakutambulisha wewe nani kabla hujafungua mdomo, watumwa walivaa kaniki na merikani, yani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichotoka Marekani, na utumwa ulipoondoka wanawake wakazivua wakaingia kwenye khanga, ikawa ndo njia ya kusema na mimi sasa ni mtu kama wewe. Na khanga yenyewe wazee wanasimulia ilianza kwa viraka, wanawake walinunua leso za Kireno zikiwa hazijakatwa, wakakata vipande vya leso tatu tatu, wakaunganisha viwili ikawa nguo moja ya leso sita. Kwaiyo mtu asiniambie kuunga vitambaa ni mambo ya Marekani, hata mkeka unaokalia ni shupatu zilizoshonwa pamoja.

Alafu kuna hii ya merikani ambayo kila nikiifikiria nasimama kidogo. Ile pamba ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, ikafumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, ikapakiwa merikebu za wafanyabiashara wa Salem, mji wa bandari hukohuko Massachusetts, ambao nchi yao kuanzia 1833 ilikuwa na mkataba na Sultani Said, ikashushwa Zanzibar, ikasambaa pwani nzima mpaka bara huko, ikibadilishwa kwa pembe na sandarusi na kwa watu. Watu walioletwa toka huko Nyasa na Uyao wakishushwa Kilwa Kivinje, Lindi, Mikindani. Yani mama mmoja kachuma pamba Georgia akiwa mtumwa, na mama mwingine kafungwa kitambaa cha pamba ileile Mikindani akiwa mtumwa, na hawakujuana mpaka wanakufa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani vilipoanza 1861 merikani ikaadimika huku, ndo vitambaa vya Bombay na Uingereza vikapata nafasi. Riwaya hiyo mi ningeinunua hata kwa hela ya ada.

Turudi kwenye nguo kuongea. Kuna imani imeenea sana, na riwaya nyingi zinaitumia, kwamba watumwa waliokuwa wanatoroka kwenda kaskazini walisomeshwa njia na blanketi zilizoanikwa nje, alama hii maana yake jiandae, alama ile maana yake pita huku. Ilipata nguvu hasa baada ya kitabu kimoja cha 1999, na wanahistoria wengi wa mambo hayo wanaikataa kwasababu ushahidi wa wakati ule hawauoni. Nilivyosoma hivyo niliumia kwanza maana ni hadithi nzuri. Baadaye nikaona ukweli wao ni mzuri kuishinda.

Yupo Harriet Powers, kazaliwa Georgia 1837 akiwa mtumwa. Alishona blanketi la picha za Biblia akalipeleka kwenye maonyesho ya mji wa Athens 1886, mwalimu mmoja wa sanaa akalipenda akataka kulinunua, mama akakataa katakata. Miaka ikapita hali ikawa ngumu akakubali, alitaka dola 10 akapewa 5. Lakini kabla hajaliachia alimweleza yule mwalimu picha moja moja, hii ni nini na ile ni nini, na mwalimu akaandika, na baadaye alikuwa anarudi kulitazama kama mtu anavyoenda kumtazama mwanae aliyeolewa mbali. Blanketi lake la pili lina nyota zilizoanguka usiku wa Novemba 1833. Hesabu mwenyewe, hajazaliwa bado, maana yake kuna mtu alikaa akamsimulia. Na sisi leo tunajua zile ni nyota kwasababu yeye naye alisimulia.

Na kule Alabama kuna kijiji kinaitwa Gee's Bend, kipo kwenye kona ya mto, watu wengi pale wanaitwa Pettway, jina la mzungu aliyewamiliki babu zao. 1962 kivuko chao kiliondolewa watu weusi walipokuwa wanavuka kwenda Camden kujiandikisha kupiga kura, na hakikurudi mpaka 2006. Mtu wa Lindi anayevuka kwenda Kitunda au wa Mtwara anayevuka kwenda Msanga Mkuu aifikirie hiyo, miaka 44 hamna kivuko. Sasa pale Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na 1942 akazichukua nguo za marehemu za shamba, suruali zilizochakaa magotini, akazishona blanketi ajifunike nalo amkumbuke. Tunajua haya kwasababu binti yake alikuwepo akimsaidia na alikuja kuyasema kwa mdomo wake. Angenyamaza lile leo lingekuwa vitambaa vya bluu vilivyopauka, watu wangesifia rangi wakaondoka.

Ndo ninachowalaumu waandishi wa riwaya hizi, wanaipa nguo kazi ya watu. Mjukuu anafumua mshono anaipata siri, hakumkabili mama, hakumkabili mjomba, hakuna mtu mzima aliyelazimika kukaa chini akasema sisi tulikuficha hiki. Ni rahisi mno. Kwetu Kusini mwandishi akiandika hivyo atakuwa ameukwepa ukweli wenyewe, maana kwetu siri haikufichwa kwenye nguo, imo midomoni mwa watu ambao wengine tunakula nao sikukuu.

Kwa mfano hili. Huku wengi ukoo unafuata mama, Wamakonde, Wayao, Wamakua, Wamwera, na mtu mkubwa kwako ni mjomba, ndo anayeitwa kwanza kwenye jando, kwenye posa, kwenye msiba. Sasa mwanamke aliyeletwa akiwa mtumwa hakuja na kaka. Watoto wake hawana mjomba, wanahesabiwa kwa yule aliyemmiliki mama yao. Kwaiyo siku ya arobaini ya bibi, watu wamekaa mikekani wanahesabu ndugu, bibi kizee mmoja wa mtaani kwetu akasema taratibu tu, "huyu mama yake hakuwa na mjomba." Basi. Hakuongeza neno. Ukumbi wote ukanyamaza na mama mkubwa akanyanyuka akaenda kuangalia pilau ambayo ilishaiva zamani.

Mi nilikuwa nimekaa pale nina miaka thelathini na kitu na ndo kwanza naambiwa sisi ni nani.

Mikindani mgeni akija anahadithiwa Livingstone, kwamba alianzia pale safari yake ya mwisho 1866, na utumwa unasimuliwa kama kitu cha masultani na Waarabu na misafara. Mpaka hapo tunaongea vizuri tu. Ukifika ndani ya nyumba, ukiuliza huyu aliingiaje kwenye ukoo wetu, unaambiwa usichimbe makaburi. Na Waingereza walikuja kuufuta utumwa kisheria Tanganyika 1922, juzi tu hapo, mama yake bibi alikuwa tayari msichana. Nawaelewa walionyamaza, walikuwa wanatulinda tusiitwe jina baya kwenye ngoma na ugomvi wa kisimani. Lakini sasa kimya hicho kinamlinda nani, na waandishi wetu wa Mtwara na Lindi wanangoja nini, riwaya hii imekaa pale inaomba mtu.

Mimi nilianza kwa kumfuata mama mkubwa. Nimeenda mara tatu. Ya kwanza alinipa korosho za kubeba nyumbani akaniaga. Ya pili alilia, tukaacha. Ya tatu nilienda na shuka lenyewe kwasababu kona moja imefumuka nikamuomba tu anishonee, nikaweka simu mkekani akaiona inarekodi hakusema kitu. Akavaa miwani, akaniambia nimtungie uzi sindano, akaanza kushona. Alishona kimya muda mrefu alafu akaigusa ile kaniki ya katikati akasema, "hii ni ya bibi yangu, ndo aliyokuja nayo. Alikuwa mdogo, alikuwa hajavunja ungo. Alikuwa anakumbuka mto mkubwa na jina la kaka yake."

Nikamuuliza kaka yake aliitwa nani. Akanitajia.