Msumari ndani ya paja au wiki nane kitandani?

"Usikubali kuwekewa chuma." Hapa Moshi mtu akivunjika paja, hilo ndilo shauri la kwanza analopewa, mara nyingi kabla hata picha ya eksirei haijatoka. Chuma kitakuuma wakati wa baridi, wanasema, na mfupa utaoza.

Mjomba wangu alisikiliza. Aligongwa na bodaboda karibu na Kiboriloni, akalazwa kwa kuvutwa mguu: pini imepita kwenye mfupa chini ya goti, kamba imepita kwenye kapi, na mwisho wa kamba unaning'inia mzigo. Njia hii haina mkato mkubwa wala dawa ya usingizi, na mfupa huunga kweli. Kwa mtoto mdogo ningeichagua mwenyewe, au hogo, maana mifupa ya watoto huunga upesi na hata ikipinda kidogo hujirekebisha inapokua.

Lakini mjomba ni mtu mzima. Alilala wiki nane. Shangazi alipanda daladala kila siku na hotpoti ya chakula, kihamba, shamba la nyumbani, kikabaki na nyasi, na vidonda vya kulalia vikamtoka makalioni. Goti lilikakamaa. Leo kiatu chake cha kulia kina soli ya ziada ya tairi, kazi ya fundi viatu, kwa sababu mfupa uliunga ukiwa umepandana. Tunaposema kulala ni rahisi kuliko upasuaji, hizo gharama tumemwandikia nani?

Chuma chenyewe ni msumari mrefu unaopitishwa ndani ya mfupa, na si jambo geni. Gerhard Küntscher wa Ujerumani aliutumia kuanzia 1939. Ugumu ulikuwa kuyapata, msumari ukiwa umeshaingia ndani ya mfupa, matundu yake ya kupitishia skrubu zinazouzuia usizunguke, kwani kwa kawaida huhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Shirika la SIGN, lililoanzishwa na daktari Lewis Zirkle wa Marekani mwaka 1999, lilitengeneza msumari wenye kifaa cha nje kinachomwonyesha daktari matundu yalipo bila mashine hiyo, na misumari hiyo imefika Tanzania. Mgonjwa husimama na magongo baada ya siku chache. Kwa watu wazima wengi si lazima chuma kitolewe.

Hofu ya wazee haikutoka hewani, hata hivyo. Vijidudu vikiingia ndani ya mfupa, tiba yake ni ndefu na inachosha, na pengine chuma chenyewe hutolewa. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kama mfupa ulitoboa ngozi na kidonda hakikuoshwa vizuri mapema. Maumivu ya goti au nyonga baada ya upasuaji nayo yapo.

Kinachoniumiza zaidi ni njia ya katikati: mgonjwa anavutwa mguu wiki tatu huku ndugu wakichangishana pesa ya upasuaji. Anabeba mateso ya kitanda, kisha anapasuliwa misuli ikiwa imeshajikunja na mfupa umeanza kuunga vibaya, kazi ambayo siku ya tatu ingekuwa nyepesi. Ndugu wa mtu mzima aliyevunjika katikati ya paja wakiniuliza, nawaambia wakubali msumari, na mchango uanze usiku uleule wa ajali.